Anatafutwa Mfamasia Mwenye Leseni, Masumbwe

Masumbwe,
14 Januari 2024

Mwanangu mpendwa Vumilia,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Mimi baba yako mdogo sijambo, ila magoti yananikumbusha umri kila nikiinuka. Mvua ya mwaka huu haina adabu. Imesomba majaruba ya mpunga kule bondeni, na shamba la mihogo la marehemu baba yako limebaki nusu. Malori ya Rwanda yalikwama hapa siku mbili, akina mama wakauza chai mpaka sukari ikaisha madukani. Mama yako mdogo Lusia hajambo, anakusalimu sana.

Naandika kwa karatasi kwa sababu namba yako ya zamani haipatikani tangu ulipoondoka, na mpya hukumpa mtu wa huku. Nimempata Violeth, binti wa jirani anayekata tiketi za mabasi kule Kahama, anakaa Nyasubi. Anasema anajua unapoishi lakini namba hatoi, ameapa. Barua atazifikisha. Wabeja kwake, asante sana.

Tumesikia leseni yako umerudishiwa. Nilifurahi, nikamwambia hata mchungaji.

Sasa jambo lenyewe. Famasi ya Sostenes, ulimokuwa ukifanya kazi, wakaguzi wameifunga tangu tarehe nne Desemba. Walikuta cheti cha mfamasia kimetundikwa ukutani, mwenye cheti yuko Dar es Salaam na hapa hajawahi kufika. Wakakata umeme, wakaweka mnyororo mlangoni na karatasi ya serikali. Wamesema haitafunguliwa mpaka apatikane mfamasia mwenye leseni, mtu mwenyewe, akae pale kila siku. Na wewe Masumbwe unaijua. Waganga wa kienyeji tunao, wanunuzi wa dhahabu tunao, wahubiri ndiyo usiseme. Mfamasia mwenye leseni hatuna hata mmoja. Maduka madogo yana dawa za homa na za minyoo tu. Anayetaka zaidi apande basi la Kahama.

Sostenes ameniomba nikuandikie. Sisemi urudi wewe. Tafuta hata mwenzako mliyesoma pamoja, nyumba ya kukaa atapewa. Jengo ni langu kama unavyojua, na jengo lililofungwa huliwa na mchwa, lakini siandiki kwa ajili ya jengo. Watu wanateseka.

Yaliyopita si ndwele, mwanangu. Tugange yajayo.

Baba yako mdogo,
Mayala Bujiku


Kolandoto,
3 Februari 2024

Baba mdogo, shikamoo.

Barua yako nimeipata. Pole kwa magoti, na pole kwa mpunga. Mimi ni mzima. Nimepanga chumba na sebule hapa Kolandoto. Kazi iko Shinyanga mjini, kwenye duka la dawa za jumla la mama mmoja wa Kihindi, Jasumati, ambaye sote tunamwita Mama Disha. Aliniajiri wiki ile ile leseni iliporudi, na hakuniuliza swali lolote juu ya yaliyosemwa. Wenye famasi wengi wa kanda hii hununua kwetu, kwa hiyo wafamasia karibu wote nawajua kwa sura au kwa simu.

Ombi la Sostenes nimelisikia. Nitauliza. Nipe muda.

Nina maswali mawili. Mama mdogo alikuwa akichukua sindano zake za sukari pale pale famasi. Sasa anazipata wapi, na nani anamfuatia? Dawa ile haitaki joto, ikipata joto inakufa na anayejidunga hajui. Kama kuna shida niambie, nitamtumia kwa basi ndani ya chupa ya barafu. Wateja wetu tunawafanyia hivyo kila wiki.

La pili, nipe namba yake ya simu. Nilipotupa laini yangu nilitupa na namba za watu wote. Mwaka na nusu sijasikia sauti yake, na kosa hilo ni langu.

Nimempa Violeth kanga na sabuni za mama mdogo. Msalimie sana.

Vumilia


Masumbwe,
25 Februari 2024

Mwanangu Vumilia,

Marahaba sana. Kanga imefika, mama yako mdogo ameivaa Jumapili, watu wakageuka kanisani. Huku hatujambo. Mbuzi wawili wamekufa kwa kuhara, mmoja amezaa mapacha. Ndiyo dunia.

Simu ya Lusia ilidumbukia kwenye ndoo ya maji, haijapona. Nikipata nyingine nitakuandikia namba. Kuhusu sindano usihofu kabisa. Nazifuata mwenyewe Kahama.

Sasa nikueleze lililotukuta. Sostenes kwa juhudi zake alimpata mfamasia, kijana mmoja anaitwa Boaz, kutoka Mwanza. Alishuka stendi Alhamisi asubuhi na begi lake na vyeti vyake ndani ya bahasha ya plastiki. Tulichinja kuku wawili. Sostenes alivaa suti. Tukamketisha barazani kwangu, chai ikamiminwa, michembe ya viazi ikaletwa, kijana anacheka vizuri na anauliza habari za nyumba ya kukaa. Nikasema moyoni, kazi imekwisha.

Simu yake ikaita.

Akasema, "Ndiyo, niko hapa hapa Masumbwe." Akasikiliza. Akasema, "Nani? Mayala? Ndiyo, nimekaa naye." Kisha akaniangalia. Mwanangu, mimi nina miaka sitini na mbili na sijawahi kuangaliwa vile. Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba mbwa aliyelala mlangoni huuma.

Akainuka. "Mzee, samahani, nimepata dharura." Sostenes akamshika mkono, "Kijana, kula kwanza." Akasema, "Nimeshiba." Hakuwa amekula hata kipande. Alitembea kwa miguu mpaka barabara kuu, akasimamisha lori.

Sostenes sasa ananituhumu mimi. Wewe unawajua wafamasia. Nani alimpigia yule kijana?

Baba yako mdogo,
Mayala


Kolandoto,
17 Machi 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Hiyo ni kwa ajili ya umri wako. Heshima nyingine zote zimekwisha, utanisamehe, au usinisamehe.

Ni mimi niliyempigia.

Sasa nitakuandikia yale ambayo mimi na wewe tumekuwa tukiyazunguka. Mwaka 2022 Sostenes alikuwa anaagiza makopo ya vidonge vikali vya maumivu na kuwauzia wachimbaji, wale wanaovimeza ili wasisikie mgongo wakiwa chini ya ardhi. Alitaka nisaini daftari kwamba vilitolewa kwa wagonjwa walioandikiwa na daktari. Nilikataa mara nne. Wakaguzi walipokuja makopo hayakuonekana, akasema nimeyaiba mimi. Mpaka hapo lilikuwa neno lake na neno langu, na mimi sikuogopa.

Kisha ikaletwa karatasi ya shahidi. Naijua kwa moyo. "Mimi, Mayala Bujiku, baba mdogo wa mtuhumiwa, ambaye anaishi nyumbani kwangu, nilimwona kwa macho yangu mara tatu akiingia na maboksi kutoka kazini." Chini ni sahihi yako, ile yenye mkia mrefu.

Nilipewa nakala siku niliyosimamishwa. Ulidhani sijui? Ninayo hapa, chini ya godoro.

Maboksi hayo, baba mdogo, yalikuwa na barafu na sindano za mkeo. Ulikuwa ukinifungulia mlango. Mara moja ulinipokea boksi kwa mikono yako ukasema, "Lete, nimpelekee mgonjwa wangu."

Kwa miezi minane, kabla leseni haijarudishwa kwa kuwa makopo hayakupatikana kwangu, nilifua nguo za watu Nyasubi. Siku moja mama mmoja alinikazia macho, akasema, "Huyu si yule wa vidonge?" Akazitoa nguo zake kwenye beseni zikiwa bado na povu, akaondoka nazo zinachuruzika. Mchumba wangu alimtuma dada yake kuja kuniambia kwamba kwao wameahirisha. Hawakusema mpaka lini. Na nilisikia kwamba Sostenes alikupa fungu kwenye duara lake, lile shimo la dhahabu. Nimesikia pia kwamba shimo limetoa maji matupu. Siku niliyosikia hivyo nilinunua soda, nikainywa polepole.

Umeniomba nikutafutie mfamasia mwenye leseni. Nimewatafuta. Nimeongea na wafamasia thelathini na mmoja kuanzia Shinyanga hadi Geita na Mwanza, nikawasimulia mmoja mmoja jina la mwenye duka na jina la mwenye jengo. Boaz alikuwa hajapokea simu kwa sababu alikuwa safarini. Hakuna mwenye leseni atakayekanyaga kizingiti chako.

Utasema, na wagonjwa je? Nimewawaza. Kahama ni safari fupi kwa basi. Umeniandikia kwamba mama mdogo unamfuatia dawa mwenyewe. Basi na wengine wapande. Sitawahurumia watu walionipigia miluzi nilipokuwa napakia godoro langu.

Nataka Sostenes akauke, na jengo lako liliwe na mchwa mpaka kwenye paa. Siku utakapokwenda mbele ya hakimu na kusema ulichokiona na usichokiona, ndipo uniandikie tena.

Na ndwele yangu haijapita. Nimeilea, imenenepa.

Vumilia


Masumbwe,
9 Aprili 2024

Mwanangu,

Umeniambia nisiandike. Naandika. Naruka salamu kwa sababu hakuna aliye mzima wa kumsalimia.

Mama yako mdogo anaumwa. Mwezi wa pili kandambili ilimchubua kidole cha mguu wa kushoto. Kidonda kidogo, nikasema kitapona chenyewe. Hakikupona. Sasa kidole ni cheusi na weusi unapanda, na harufu yake siwezi kuiandika. Anakunywa maji ndoo nzima. Juzi aliniita kwa jina la marehemu kaka yake.

Nilikudanganya. Kahama nilikwenda mara moja tu, mwezi Desemba. Kuanzia Januari nilikuwa namnunulia sindano kwa yule bwana anayezunguka machimboni na begi la dawa. Nilikuwa nashinda kule kwenye duara, yeye anapita pale pale, nikaona ni rahisi. Na kila siku Sostenes alisema kesho tunafungua. Lusia mwenyewe aliniuliza, "Baba, hizi sindano mbona kama najidunga maji?" Nikamwambia asilete udaktari.

Simu yake haikudumbukia popote. Ninayo mimi. Niliogopa mkiongea utamwambia habari za ile karatasi. Yeye haijui. Anadhani ni maneno ya Sostenes tu yaliyokuondoa, kisha ukatusahau. Ile karatasi niliisaini baada ya kusomewa na Sostenes haraka haraka, sikuelewa kila neno.

Njoo, mwanangu. Au tuma dawa. Wewe ndiye mfamasia pekee ninayemjua duniani.

Mayala


Masumbwe, nyumbani kwako,
7 Mei 2024

Mayala,

Naandika juu ya meza yako, kwa kalamu niliyoikuta kwenye kikombe chako. Barua yako ya tarehe tisa Aprili nimeipata jana. Violeth alijifungua na kuuguza mtoto, na barua ikalala ndani ya droo ya tiketi wiki nne. Wiki nne! Wakati huo wote mimi nilikuwa Shinyanga nahesabu siku zako za kunyamaza na kufurahi kwamba umeumia.

Nimefika saa nne asubuhi. Hukuwepo. Jirani amesema uko kwenye duara.

Mama mdogo nimemkuta sakafuni, juu ya mkeka, kanga yangu ameufunga nayo mguu. Alinitambua. Akasema, "Umekonda." Ndilo neno lake la kwanza baada ya karibu miaka miwili, akiwa amelala karibu na ndoo ya kutapikia. Nikaufungua mguu. Sitakueleza, ulikuwa unalala naye chumba kimoja.

Kisha nikatafuta dawa. Vichupa sita vya insulini, ndani ya bakuli, dirishani, juani. Nikavigeuza. Kila kimoja kina kibandiko cha famasi ya Sostenes, cha bluu, na namba ya toleo. Hizo ni dawa za ndani ya lile duka lililofungwa tarehe nne Desemba. Friji ilizimwa siku hiyo. Zilikaa kwenye joto la bati, zikafa, kisha zikatoka. Mnyororo wa mlango wa mbele haujaguswa, nimekwenda kuutazama. Zimetoka kwa mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma unafunguka uani kwako, na funguo zake ni mbili, wa Sostenes na wako.

Nina swali moja tu maishani kwako: ulijua?

Gari la kukodi liko nje linaunguruma. Namchukua. Vichupa vyote sita navichukua. Simu yake nimeikuta ndani ya koti lako la kanisani, nayo naichukua.

Usije Kolandoto. Ukija sitafungua, na majirani nimewaambia.

Vumilia


Masumbwe,
2 Juni 2024

Vumilia,

Barua yako haikuwa na shikamoo, na mimi marahaba sina. Ni haki.

Umeniuliza kama nilijua. Nilijua.

Ilikuwa siku ya Krismasi, mchana, watu wote wako kanisani. Lusia pia alikuwa kanisani, alikuwa akiimba sauti ya pili. Mimi nilibaki nikisema magoti yanauma. Sostenes alikuja na mkokoteni, nikamfungulia mlango wa nyuma. Alisema, "Mzee, dawa hizi zikiozea ndani ni hasara ya bure, watu wa machimboni wanazihitaji." Nikabeba maboksi na mimi. Nilipomnunulia mke wangu zile sindano Januari nilikiona kibandiko. Nilidhani dawa ni dawa. Wewe uliniandikia kwamba joto linaiua. Niliisoma barua hiyo mara mbili, kisha nikaenda kununua nyingine kwa yule yule, kwa sababu kubadilisha ilikuwa sawa na kukiri.

Na ile karatasi ya 2022 nilielewa kila neno.

Nimekwenda mbele ya hakimu wa mahakama ya mwanzo na kuapa kwa Biblia. Nimesema yote mawili, la maboksi ya kwanza na la maboksi ya Krismasi. Karani aliniuliza, "Mzee, unajua kwamba unajifunga mwenyewe?" Nikamwambia andika. Nakala ni hii, nimeiambatisha, na mhuri wake.

Sostenes amesikia. Alikuja akasimama uani akasema atanifukia kwenye duara. Nilimjibu kwamba shimo lenyewe limejaa maji, sijui tutaenea wangapi.

Mguu wake ukoje? Hakuna anayeniambia. Nampikia ugali kwa mazoea, nasonga wa watu wawili.

Mayala


Kolandoto,
18 Agosti 2024

Baba mdogo,

Nimerudi kukuita hivyo kwa sababu mama mdogo alisikia nikikutaja kwa jina tupu, akanikemea.

Mguu ulikatwa tarehe kumi na nne Mei, chini kidogo ya goti. Daktari alisema angeletwa mwezi mmoja kabla, kingekatwa kidole. Sukari sasa imetulia. Anatembelea magongo, anawaamrisha wagonjwa wenzake wa kliniki, anapika nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, nyumba nzima inanukia.

Karatasi yako niliipeleka pamoja na vile vichupa. Wakaguzi walikuja na polisi Masumbwe tarehe tisa Julai, wewe uliwaona. Hukuniona mimi. Nilikuwa upande wa pili wa barabara. Nilipanda basi la kwanza la asubuhi makusudi, nikasimama mahali ambapo Sostenes lazima angeniona akitolewa. Alitoka na pingu, suti ile ile uliyoniandikia. Akaniona. Akafungua mdomo. Polisi akamsukuma ndani ya gari. Nilikuwa nimekiota kile kitu kwa miaka miwili, na nakuambia kweli, kilikuwa kitamu. Mtu asije kukudanganya kwamba kisasi hakina ladha.

Nilirudi Kolandoto nikamsimulia mama mdogo, nikicheka. Yeye hakucheka. Akauliza, "Na duka lilikaa bila mfamasia miezi yote hiyo kwa nini? Wafamasia wamekwisha nchi hii?"

Nilikuwa sijamwambia. Nikamwambia. Wote thelathini na mmoja, na Boaz, na yale maneno kwamba wagonjwa wapande basi. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua mpaka sinia likaisha, ndipo akasema, "Kwa hiyo wewe ulifunga duka, na mume wangu akafunga mdomo." Akagonga goti lake. "Mimi nikawa katikati."

Siku tatu nilimdunga sindano zake asubuhi na jioni, akinyoosha mkono na kutazama ukuta.

Siku ya nne akaniuliza kama leseni yangu inafanya kazi mkoa wa Geita. Nikasema ndiyo, inafanya kazi popote. Akasema, "Basi kuna watu kule wanaojidunga maji."

Mama Disha anafungua tawi Masumbwe, karibu na stendi. Si kwenye jengo lako. Alinionyesha orodha ya majengo, na la kwako nililikata kwa kalamu nyekundu, nikalikata tena ili wino uonekane upande wa pili. Mfamasia ni mimi. Mama mdogo anakuja kukaa nami.

Hii si suluhu. Nakuarifu tu, usije ukashtuka.

Vumilia


Masumbwe,
10 Novemba 2024

Mwanangu Vumilia,

Shangaa mwenyewe. Kutoka mlangoni kwangu hadi mlangoni kwenu ni hatua mia tatu na kumi, nimezipima, na bado nakuandikia barua. Inapita mkononi mwa mama muuza nyanya badala ya Violeth.

Huku kwangu ni sijambo tu, si hatujambo, maana niko peke yangu. Hakimu alinihurumia kwa umri na kwa kuwa nilijitaja mwenyewe. Nafagia uwanja wa kituo cha afya kila asubuhi kwa miezi sita. Watoto wa shule wananiita Babu Fagio. Sostenes yeye bado yuko ndani, kesi inaendelea, na jengo langu limekaa tupu. Aliyekuja kulipanga alitaka kufuga kuku, akasikia habari zake akaghairi.

Juzi nilikuja dirishani kwako na cheti cha dawa ya magoti. Nilipanga foleni kama wengine, watu walikuwa kumi na saba. Ulichukua cheti, ukasoma, ukaniuliza, "Vidonda vya tumbo unavyo?" Nikasema sina. Ukaniambia, "Kimoja asubuhi na kimoja jioni, baada ya kula. Anayefuata." Nilibaki nimesimama mpaka mtu wa nyuma akanisukuma. Nilikuwa nimepanga maneno, nimeyarudia njiani kote. Umefanya kazi yako sawasawa, siwezi kukulaumu.

Lakini nilipoinama kuchukua dawa niliona ndani, nyuma ya pazia, amekaa anakunja bahasha za dawa. Alikuwa na kitambaa cha njano kichwani. Sikujua kama ameniona.

Tumeishi pamoja miaka thelathini na nne. Sitaki arudi, najua nilichofanya. Nataka nimwone ana kwa ana, nipige goti, nimwambie mwenyewe yale niliyomwambia hakimu. Dakika tano. Hata ukiwa umesimama hapo na fimbo.

Muulize. Usimjibie wewe. Muulize.

Mayala


Masumbwe,
12 Novemba 2024

Baba mdogo,

Nilimsomea barua yako jana baada ya kufunga, neno kwa neno, sikuruka kitu. Mimi ningekujibu hapana pale pale dirishani, na ningelala usingizi mzuri. Lakini uliomba aulizwe yeye.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia nirudie pale uliposema dakika tano. Nikarudia. Alikuona siku ile, anasema ulikuwa umevaa shati lisilo na kifungo cha juu.

Nikamuuliza, "Nimwambie nini?"

Akachukua magongo yake, akasimama, akaenda mpaka mlangoni, akatazama upande wa kwako.

"Mwambie asije," akasema. "Aliniweka ndani miezi mitano nikimngoja yeye aniletee. Sasa angoje yeye. Siku nikitaka kumwona nitakwenda mwenyewe, kwa huu huu mguu mmoja, na akae akijua kwamba hatua mia tatu kwangu ni nyingi."

Vumilia